Makovu ya Kuazima

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na cherehani imeacha kula uzi. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo, na mpiga ngoma wetu amepata mtoto wa kike, kwa hiyo sasa anachelewa mazoezini kwa sababu ya maana. Baba hajambo? Bado anachemsha maji ya kunyolea hata siku ambazo hakuna mteja?

Ndani ya bahasha utakuta sidii. Ni albamu yetu mpya, inaitwa Makovu. Najua utauliza huu ni muziki gani. Unaitwa granji, Shangazi. Gitaa zinakwaruza, mwimbaji anaimba kama koo limechanika, na mashati tunayovaa ni yale ambayo wewe ungeyafanya matambara ya kufutia mashine. Ile albamu ya kwanza, ya nyimbo za mvua na tiara, unajua ilivyotufia mikononi. Watu walisema tunaimba kama watoto walioshiba. Safari hii hawasemi hivyo, wanalia.

Nina maombi mawili. La kwanza, wasikilizishe wateja wako halafu uniandikie wanasemaje, bila kunifichaficha. La pili, wimbo wa tatu usimpigie Baba kwanza. Si kwamba una ubaya. Ni vile tu yeye anapenda nyimbo za polepole.

Mwanao,
Msumari (ndilo jina langu la jukwaani siku hizi)


19 Februari

Kwa Msumari, ambaye hapa nyumbani tunamjua kama Maji Moto,

Marahaba. Mgongo uko palepale, nimeuzoea kama mpangaji asiyehama. Baba yako hajambo, anakusalimia, na anauliza kikohozi hicho unakifanyia nini. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ukibanwa kidogo tu unasema mtandao mbovu. Karatasi haina mtandao.

Sidii nimeipiga hapa chumbani kwangu cha kushonea, mchana kweupe, mlango wazi. Umesema nisikufiche, basi kaa chini. Nesi mstaafu, yule anayeleta magauni yapunguzwe kila anapojidanganya amekonda, alisikiliza wimbo wa kwanza akauliza kama huyo mtu amepelekwa hospitali. Mwenye bucha alisema gitaa lako linamkumbusha msumeno wake ukikutana na mfupa wa paja, tofauti ni kwamba mfupa huwa unakatika na kelele zinakwisha. Binti wa nesi ndiye aliyelia. "Huyu ameteseka kweli," akasema, kamasi mpaka mdomoni. Nikamwambia huyu ni mtoto wa kinyozi hapo ukuta wa pili. Akanitazama kama nimemtukana.

Sasa tuje kwenye wimbo wa tatu, ambao nimekuelewa kwa nini hukutaka baba yako ausikie.

"Mkanda u ukutani, wanuka ngozi yangu,
Baba anoa wembe, nahesabu pumzi zangu."

Haya! Mkanda gani huo, mwanangu? Ukutani kwa baba yako kuna mkanda mmoja tu, na ni wa kunolea nyembe. Babu yako ndiye aliyeutundika. Wembe unapita juu yake huku na huku mpaka uwe laini, basi, kazi yake imekwisha. Na hiyo picha ya jalada, kidevu kimevutwa karibu mpaka kovu linaonekana kama mtaro wa maji machafu! Kovu hilo nalijua lilikotoka. Ulikuwa unajizungusha kwenye kiti cha kunyolea. Ukaambiwa shuka, utaanguka. Ukazunguka zaidi. Ukaanguka. Baba yako alikubeba mgongoni mpaka zahanati na aproni yake, nywele za watu zimemjaa kifuani, analia kukushinda wewe.

Tangu mama yako alipotutoka, mwanamume huyu alikuwa anakupashia maji ya kuoga, anayapima kwa kiwiko kama mama mzazi. Ndiyo maana unaitwa Maji Moto. Kwa hiyo nina swali moja tu, na nataka jibu, sitaki hotuba. Ni lini kaka yangu alikupiga?

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mwambie Baba natafuna tangawizi. Mtoto wa mpiga ngoma anaendelea vizuri, ana mapafu kutuzidi sote, tumefikiria kumpa kipaza sauti.

Asante kwa maoni ya wateja. Ya mwenye bucha tumeyabandika ukutani kwenye chumba cha mazoezi. Lakini huku mambo ni mengine kabisa, Shangazi. Lile gazeti la muziki limetupa nyota tano! Mhakiki wao hajawahi kusifu kitu, nasikia hata kwenye harusi yake mwenyewe alisema bibi arusi alianza vizuri. Huyo ndiye ameandika kwamba Makovu ni "albamu ambayo haikuimbwa, ilivuja damu." Wapo wanaotuponda pia. Wengine wanasema tumejiuza kwa sababu ngoma zinasikika vizuri. Wangependa tungerekodi ndani ya pipa. Wengine wanabishana kama mimi nimeteseka kuliko mwimbaji wa bendi fulani au nimeteseka kidogo tu. Wanapigia kura, kweli kabisa.

Wewe unauliza mambo ya lini na nani. Sanaa si ushahidi wa mahakamani, Shangazi. Mwimbaji anachukua kitu kidogo anakikuza. Kuna watu wengi ambao baba zao waliwapiga, na wimbo ule ni wao.

Nikuombe jambo. Kulikuwa na bendi nyingine ya granji, kubwa kutushinda. Mwimbaji wao alikuwa anaimba njaa na kulala nje. Ikaja kugundulika baba yake ni daktari wa meno, na yeye alikuwa na mwalimu wa gitaa anayemfuata nyumbani. Mashabiki walimrudishia sidii zake mlangoni kwao. Mpaka leo akipanda jukwaani wanampigia kelele wakimwonyesha meno. Kwa hiyo tafadhali, mambo ya maji moto na kiwiko yabaki huko huko ndani ya familia.

Nimeandika haraka, gari la vyombo linanisubiri.

Mwanao

Je, Baba ameusikia?


2 Mei

Msumari,

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Barua yako ilikuwa ndefu kama foleni ya maji, na jibu la swali langu halimo. Nilikuwa nasubiri labda lilisahaulika mezani utalituma kivyake.

Habari za hapa si nzuri. Nesi mstaafu kateguka mguu. Cherehani imevunja sindano mbili. Na duka la baba yako limepoa.

Dereva wa basi, ambaye ndevu zake za kwanza kabisa zilinyolewa pale, ndiye aliyekuja na wimbo wako kwenye simu. Alidhani anampelekea baba yako zawadi. "Mzee, kijana wako anatamba!" Akaubonyeza. Baba yako alikuwa ameshampaka povu. Wimbo ukalia, mkanda, wembe, ngozi, pumzi, na dereva mwenyewe ndiyo anayasikiliza maneno kwa mara ya kwanza, kichwa kimelazwa nyuma, wembe uko kooni. Mimi nilikuwa mlangoni nimekwenda kuomba chenji. Sijawahi kuona mtu mzima ametulia vile. Baba yako alisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kumnyoa, akamfuta vizuri, akamtakia siku njema. Dereva sasa ananyolewa ng'ambo ya barabara, kwa yule kijana wa mashine za umeme anayemwacha na mabaka. Na alipokwenda yeye, wengine wakafuata.

Wanaokuja sasa ni watu wako. Wanavaa mashati ya drafti katika joto hili. Wanasimama nje wanapiga picha ya kile kiti. Mmoja aliingia akauliza kama anaweza kuushika mkanda, akaushika, akafumba macho, akalia. Mwingine alimwita baba yako mnyama, usoni, kisha akamuuliza choo kiko wapi. Baba yako alimwonyesha.

Mkanda ameutoa ukutani. Anaufungia kwenye droo, akitaka kunoa wembe anageukia ukutani kama mwizi. Nimemuuliza anaonaje habari hii, akaniambia, "Dada, nipe hiyo sidii niisikilize yote." Nimempa. Hajairudisha.

Wewe unasema unachukua kitu kidogo unakikuza. Kitu kidogo chenyewe kiko wapi? Kaka yangu si kitambaa, mwanangu, kwamba utamkata unavyotaka kisha umvae. Sema ukweli, na uuseme kwa sauti ile ile uliyoimbia uongo.

Shangazi yako, ambaye bado anasubiri jibu


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Naandika mbiombio.

Kuna watu wameanza kusema baba yangu ni mpole na kwamba habari zangu ni za kubuni. Nadhani ni walewale wanaomwonyesha meno yule mtoto wa daktari. Gazeti linamtuma mwandishi aje huko dukani kuuliza mwenyewe. Atafika kabla mwezi haujaisha.

Ninakuomba kwa heshima zote, mwambie Baba afunge duka wiki hizi tatu apumzike. Amefanya kazi miaka yote hiyo, si vibaya akipumzika. Akiulizwa atasema kila kitu, unamjua, hawezi kuficha. Atawatolea mpaka picha zangu nikiwa kwenye beseni. Tutakuwa tumekwisha, mimi na wenzangu wanne, na mtoto mchanga juu.

Nitayarekebisha yote baadaye, naapa.

Mwanao


28 Mei

Msumari,

Hujauliza habari za mtu yeyote, kwa hiyo na mimi naruka salamu.

Ujumbe wako sikuufikisha. Mimi ni fundi nguo, si tarishi wa uongo. Tena nilikuwa namsubiri huyo mwandishi kwa hamu. Nilitaka aje apigiwe hadithi ya kiti, ya kiwiko, ya tiara, nyote muumbuke nyinyi na nyota zenu tano.

Alikuja. Kijana mstaarabu, suruali imechanika magotini, ila imechanwa kwa mkasi mzuri na pembeni kumeshonwa ili isiendelee. Nilitamani kumuuliza fundi wake ni nani. Baba yako alimkaribisha akae. Kiti kilichokuwa wazi ni kile cha kunyolea, na kijana akasema atasimama, amezoea kusimama.

Mimi nikajipanga mlangoni, futi shingoni, maneno yamejaa mdomoni. Kijana akafungua kinasa sauti, akauliza, "Mzee, ni kweli ulikuwa unampiga mwanao?"

Baba yako akafuta mikono. Akasema, "Kama mwanangu amesema hivyo, ni kweli."

"Kwa mkanda?"

"Ndiyo."

"Na wembe? Ulimtishia kwa wembe?"

"Na wembe."

"Unajuta?"

"Sana," akasema kaka yangu. "Sana, baba."

Nikapiga kelele, "Kaka!" Akaninyanyulia mkono ninyamaze, kama tulivyokuwa watoto. Kisha, kwa sababu ni yeye na hana namna nyingine ya kuishi, akamuuliza mwandishi kama angependa kunyolewa kidogo shingoni, pamevurugika. Kijana alitoka mle ndani karibu aache kinasa sauti chake.

Basi hongera. Umepona. Hakuna wa kukuonyesha meno. Baba yako amejitia tope mbele ya watu wote ili wewe ubaki msafi kwa kuwa mchafu, au niseme mchafu kwa kuwa msafi, hata sijui mambo yenu yanakwendaje. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilimwambia maneno hayo ungali wa kubebwa. Hakunisikia.

Nimekasirika, mwanangu. Nimekasirika mpaka juzi nimeshona mkono wa kushoto kulia.

Shangazi


30 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nesi mstaafu mguu unaendeleaje? Na wewe mgongo? Na Baba? Naomba unijibu kuhusu Baba kwanza.

Nilianza barua hii mara kadhaa nikaichana. Gazeti lilitoka na picha yake, ameshika aproni. Chini wakaandika, "Mnyama akiri." Nimemtazama pale, Shangazi. Amekonda.

Jibu la swali lako ni hakuna siku. Hakuwahi. Hata kofi. Hata kunifinya. Nilitafuta kichwani, nilitafuta hata siku moja tu aliyonifokea ili niishikilie, nikaipata ile ya kiti, aliponiambia shuka. Ndiyo hiyo tu niliyokuwa nayo. Albamu nzima nimeijenga hapo.

Kwa hiyo nilifanya ulivyosema. Kwenye onyesho letu kubwa, ukumbi umejaa mpaka ngazini, ulipofika wimbo wa tatu nikawazuia wenzangu wasipige. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Baba yangu hajawahi kunipiga. Mkanda ule ni wa kunolea wembe. Kovu hili nilianguka kwa utundu wangu. Baba yangu alikuwa ananipashia maji ya kuoga, na jina langu la nyumbani ni Maji Moto. Nimewadanganya."

Nikasubiri chupa. Nilikuwa tayari kupigwa chupa, Shangazi, nilizitaka.

Dada mmoja pale mbele akaanza kulia. Halafu ukumbi mzima ukalipuka, "Tunakuamini! Tunakuamini!" Nikadhani wameelewa. Kumbe wanauamini wimbo. Wananipungia mikono, wananiambia nisiogope, hayupo hapa, hawezi kunifanya kitu. Nikarudia kwamba ni uongo, wakalia zaidi. Mhakiki kesho yake akaandika kwamba walishuhudia "mtoto aliyepondwa mpaka anamtetea aliyemponda," na kwamba hata kukana kwangu ni kovu. Sidii zimekwisha madukani tena. Meneja wetu amenikumbatia, anasema ilikuwa kali sana, nirudie kila onyesho, mahali pale pale, kabla ya wimbo wa tatu.

Sina la kufanya. Nikisema ndiyo wanaamini, nikisema hapana wanaamini zaidi. Tafadhali mwambie Baba nimesema ukweli mbele ya watu, hata kama hawakuupokea. Yeye ataelewa. Yeye angalau anajua.

Mwanao


8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nesi anatembea. Mgongo wangu uache. Barua yako nimeisoma nikaifunga, nikaisoma tena, na safari hii sina la kukucheka, ingawa ule ukumbi wako ulitaka kunichekesha.

Nilikwenda ukuta wa pili nikampasha baba yako habari. Nilimkuta anasuuza brashi. Nikamwambia, "Mtoto amesimama mbele za watu amekusafisha, amesema hukuwahi kumgusa." Nilidhani atakaa chini ashukuru Mungu.

Akaendelea kusuuza. Kisha akaniuliza, "Dada, wewe ulikuwepo. Niliwahi?"

Nikamwambia, "Uliwahi nini?"

"Kumpiga. Labda zile siku mama yake alipofariki. Siku zile sizikumbuki vizuri, nilikuwa kama sipo."

Nikamwambia, "Siku zile nililala kwenye nyumba ile mimi mwenyewe, nilikula nanyi, niliwafulia nguo, na sikuona mkono wako ukinyanyuka." Akasema labda nilikuwa nimetoka. Akasema labda nilikuwa nimelala.

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Mwandishi yule hakudanganywa. Baba yako hakuwa anakukinga. Alikuwa anakiri.

Ile sidii niliyompa amekuwa akiisikiliza kila siku, duka likiwa tupu, na siku hizi ni tupu karibu kila siku. Anaujua wimbo wa tatu wote. Aliniambia, "Mtoto hawezi kulia vile bila kufanyiwa kitu. Sikiliza pale mwisho anapokatika sauti. Ile si ya kuigiza. Kuna kitu nilimfanyia nikasahau, na sasa ananionea huruma anataka kunifichia." Nimebishana naye mpaka nimechoka. Nilimwonyesha barua yako, mstari kwa mstari. Akasoma, akatikisa kichwa, akasema, "Unaona? Bado ananiogopa."

Uliniomba nikuambie watu wanaihukumu vipi albamu yako. Haya, hukumu ya mwisho ndiyo hiyo. Umewashinda wote. Mtu mmoja duniani alikuwa anajua ni uongo, na umemwaminisha.

Anakuja huko Jumamosi kwa basi la kwanza. Duka amelifunga. Ananisikitisha, maana kupitia ukutani namsikia anafanya mazoezi ya maneno, anaanza, anakosea, anaanza upya: "Mwanangu, nimekuja uniambie nilikufanya nini, ili nikuombe radhi yake." Nimemshonea shati jipya, kwa sababu amesema hawezi kuja kuomba msamaha na nguo ya kazi.

Uwe stendi mapema, ashuke akukute. Na akianza kuyasema, mwanangu, nakuomba, usimwache amalize.

Shangazi yako